Ng'ombe wa Basili kwa Kiingereza

Kibosho, 9 Machi 1953

Mwalimu Primus ametuagiza sisi wa darasa la nane kila mmoja aandike shajara ya Kiingereza mpaka muhula uishe. Hiyo nitamwandikia, nami nitajaza humo kwamba hali ya hewa ni nzuri. Hii ni yangu, ya Kiswahili, na humu nitasema nitakacho, maana leo nimerudi nyumbani na matope mpaka magotini na sina hamu ya kunyamaza.

Chanzo ni vitenzi vyenye mkia. Ndivyo tunavyoviita sisi wasichana. Waingereza wana kitenzi kizuri ambacho kila mtu anakijua, halafu wanakifungia kijineno nyuma na maana yote inahama. "Look" ni kutazama, hata mtoto wa darasa la tano anajua. Ukikifungia "after," sasa unatunza. Ukikifungia "down on," sasa unadharau. Mwalimu Primus anavipenda kuliko chakula. Anataka tuvitumie katika sentensi za kila siku, za kwetu nyumbani, na ziwe za kweli.

"Sitaki mfalme, sitaki meli," anasema. "Mfalme humjui na meli hujaiona. Niletee jikoni kwa mama yako."

Ukimletea ya kitabuni, anakutoa nje ukapalilie kahawa ya shule, inyeshe isinyeshe. Leo kitenzi kilikuwa "look after." Nikasema bibi anatunza watoto. Akauliza, "Bibi yupi?" Bibi yangu alikufa kabla sijazaliwa. Nikaenda kupalilia.

Ninachokitunza mimi kila siku ni ng'ombe, na ng'ombe huyo hasemwi. Ni mwekundu, ana pembe moja iliyopinda, analala ndani kwetu, na si wetu. Ni wa Basili, rafiki wa Baba tangu utoto wao. Huku mlimani mwenye ng'ombe hamweki kwake macho yote yakamwona. Humpeleka kwa mtu anayemwamini, huyo akamlisha, akanywa maziwa, akaweka samadi kwenye migomba yake, na ndama ni wa mwenyewe. Kazi ya mlezi ni kulisha na kufunga mdomo. Ukimuuliza Baba ng'ombe ni wa nani, atakuuliza kama kwenu mvua imenyesha.

Maziwa ya asubuhi nayapeleka mimi mwenyewe, kwa kibuyu, jikoni kwa masista. Hayo ndiyo ada yangu. Bila ng'ombe wa Basili hakuna maziwa, bila maziwa hakuna shule, na mtihani wa darasa la nane ni Novemba. Kwa hiyo ninapalilia kahawa na mdomo wangu umefungwa.

10 Machi

Nimepalilia tena.

13 Machi

Leo nimechoka kuwa mjinga. Mvua ilikuwa inamwagika, Mwalimu akaniita mbele, akauliza kama bibi yangu amefufuka. Darasa likacheka. Hasira ikanipanda, nikamtazama machoni, nikasema: "My father looks after a cow for Basili, and I look after it every morning."

Nilijiambia hivi: hicho ni Kiingereza. Kiingereza hakina jirani. Baba hakijui, Mama hakijui, Basili hakijui, na wenzangu darasani karibu wote ni wa bweni, wa Rombo na Kilema, hawajui Basili ni mtu au ni mti. Neno ukilisema kwa Kiingereza hapa Kibosho ni sawa na kulisemea ndani ya mtungi.

Mwalimu alifurahi mpaka akapiga meza. "Hiyo! Hiyo ndiyo sentensi! Nani, kitu gani, cha nani, lini. Kamili!" Akaiandika ubaoni, akalifanya darasa zima liimbe pamoja. Wasichana wote waliimba siri ya baba yangu, nami nikaimba nao, na kwa kweli niliona raha. Sikupalilia.

20 Machi

Masika yamekaa sawasawa. Nimeteremka na Mama mpaka Shirimatunda kukata majani, kupanda nayo kichwani njia nzima inateleza. Mama alianguka mara moja, akainuka akilitukana jani moja moja.

Sentensi ya leo: "We have run out of salt." Ni ya kweli, chumvi imetuishia.

5 Aprili, Pasaka

Basili alikuja na mke wake. Akanywa mbege, pombe yetu ya ndizi, na Baba, wakazungumza habari za kahawa, kanisa na barabara. Habari ya ng'ombe hakuna aliyeigusa. Kabla ya kuondoka akasema anakwenda kutazama mvua, akaingia ndani kwa mnyama, akakaa huko kitambo. Nilimsikia akimsemesha kwa sauti ya chini kama mtu anayesemesha mtoto mchanga. Nilipita nikamwamkia, "Shikamoo baba," akashtuka, akaniambia nisome kwa bidii.

11 Aprili

Jumamosi ya tarehe 25 ni siku ya wazazi. Sentensi bora zitasemwa jukwaani, na yangu imechaguliwa ya kwanza. Nilimfuata Mwalimu nje, nikamwomba nibadilishe.

"Kwa nini?"

"Mwalimu, ninayo nyingine nzuri. Ya chumvi."

"Chumvi!" Alicheka. "Mektrida, sentensi ile ina nyumba nzima ndani yake. Unaogopa nini? Wataelewa nini wale?"

Ni kweli, wataelewa nini? Mwalimu Primus ndiye mtu mwenye akili kuliko wote ninaowajua. Niseme nisichomwambia mtu: ninataka niwe kama yeye. Ananyoosha suruali yake kila siku na hajawahi kukosea kijineno hata kimoja.

25 Aprili

Nitaandika yote, maana kesho watasimulia kila mmoja kwa namna yake.

Wazazi walijaa. Baba na Mama walikaa katikati. Mstari wa mbele walikaa wazee wa kanisa, na miongoni mwao Sirili, kaka mkubwa wa Basili, na kofia yake magotini. Sista Mkuu alikaa kwenye kiti chenye mikono. Nikapanda, nikasema sentensi yangu sawasawa bila kumeza hata herufi. Makofi. Baba alipiga naye, hakujua anapigia nini, alijua tu ni binti yake anayesema Kiingereza. Nilimwona anatabasamu.

Ningeshuka hapo, ningekuwa salama. Mwalimu Primus akanishika bega.

"Wazazi wetu wapendwa," akasema, "isiwe watoto wanakula ninyi mnatazama. Nitawafasiria."

Nikamwambia kwa sauti ndogo, "Mwalimu, tafadhali." Hakusikia au hakutaka. Akafasiri kwa Kiswahili: baba yangu anamtunzia Basili ng'ombe. Halafu, kwa kuwa alinogewa, akairudia kwa Kichagga, polepole, neno kwa neno, ili hata bibi vizee wa nyuma wapate.

Walipata. Mama alimshika Baba mkono. Baba alikuwa bado hajashusha viganja vyake.

Sirili akasimama. "Mwalimu, Basili yupi?"

Mwalimu akanigeukia, bado anatabasamu. "Mektrida, Basili yupi?"

Sikujibu. Lakini binti wa Wenseslaus, rafiki wa Basili, akinyamaza mbele ya watu, ameshajibu.

"Ng'ombe huyo ni mwekundu?" Sirili akauliza, safari hii akimtazama Baba. "Ana pembe iliyopinda?" Baba akatazama chini. Sirili akavaa kofia yake palepale ndani, mbele ya masista. "Ng'ombe huyo alikufa. Mdogo wangu alinililia kwa machozi kwamba alifia Bomang'ombe kwa ugonjwa. Nilimpa pole. Nilimpelekea na mbege ya kumpa pole!"

Hilo sikulijua, naapa. Ng'ombe yule aliletwa kwa mahari ya dada yao, akawa wa ndugu wote wawili, na Basili akamuua kwa mdomo ili abaki naye peke yake. Tangu mwaka juzi nimekuwa nikikamua maiti kila asubuhi, nikiwapelekea masista maziwa yake.

Sasa nitasema kinachonichoma. Si Sirili. Nilimtazama Mwalimu Primus wakati lile neno linamtoka kwa Kichagga, nikaona uso wake unabadilika kabla hajalimaliza. Alijua! Ni mtu wa Kilema. Baba yake ana ng'ombe kwa watu, babu yake alikuwa nao kwa watu. Tangu ile siku ya kwanza ubaoni alijua ng'ombe wa namna hiyo hasemwi, ila kwake ilikuwa sentensi tu. Alipozinduka pale jukwaani, ng'ombe alikuwa ameshatoka zizini. Na aliyamaliza maneno yaliyobaki! Halafu akasema, "Tuendelee na wimbo."

Nikaimba. Fikiria. Nikasimama pale nikaimba wimbo.

26 Aprili

Baba hajasema neno tangu jana. Mama amesema kwa niaba ya wote wawili. "Nimekubeba, nimekunyonyesha, nimeteremka Shirimatunda kukata majani na mgongo huu, ili ukaniuze kwa Kizungu?" Nilimwambia ni Mwalimu aliyefasiri. Akasema, "Mwalimu alikuta nini cha kufasiri?"

Nikachukua kibuyu nikaenda kukamua, hasira imenizidi.

27 Aprili

Wamemchukua. Sirili alikuja mapema na wanaume wawili na kamba. Basili alikuja nyuma yao, hana kofia, hakuweza kumtazama kaka yake. Ng'ombe alikataa kutoka, akajitia kwenye ukuta wa ndani. Ikabidi Baba mwenyewe aende kumwita, maana humfuata yeye tu. Baba akamtoa kwa mkono wake, akamkabidhi kamba Sirili, akasema, "Ana mimba. Msimkimbize kwenye utelezi."

Basili akamwambia Baba, "Wense, nilikuamini kuliko ndugu wa tumbo moja."

Nilitaka Baba aseme: ulimdanganya kaka yako, ukatuletea uongo wako tuulishe majani, leo unatulilia sisi? Niliyasema moyoni yote. Baba akasema tu, "Mdomo uliosema ni wa nyumba yangu. Ni wangu."

Nilimchukia kwa upole huo. Nilimchukia Basili, Sirili, na kamba. Jioni Baba aliniambia, bila ukali wowote, kwamba maziwa tuliyokwisha kupeleka yanatosha muhula huu, nitaumaliza. Wa Julai haupo.

28 Aprili

Nilikwenda shule mikono mitupu. Mpishi wa masista akauliza, "Kibuyu kiko wapi?" Nikamwambia kimepasuka.

2 Mei

Baba amekata jani la sale, akalifunga fundo, akaenda kwa Basili kuomba radhi. Huku kwetu mtu akikuletea sale, hata kama alikumwagia damu, humfukuzi. Nilimfuata kwa mbali nikasimama kwenye migomba.

Basili alilipokea jani kwa mikono miwili. Kisha akasema, "Lako nimelipokea, Baba Mektrida, na la mtoto nimelihesabu humu humu. Mtoto alisema kwa Kizungu, sikumsikia mimi wala mama yangu. Aliyesema kwa lugha ya mama yangu ni mwalimu. Jani lake liko wapi? Mpaka nilione, moyo wangu kwa nyumba yako hautatulia."

Baba amerudi amekunja uso. Watu wameshaanza kusema kwamba kwa Wenseslaus mambo hayalali. Mwingine aliyetaka kumpa Baba mtamba amlee amempeleka kwa mtu wa Uru.

4 Mei

Nimemwambia Mwalimu Primus. Nilimweleza yote, pamoja na ada. Alisikiliza vizuri, akavua miwani, akaifuta. "Ni haki," akasema. "Nitakwenda Jumamosi."

9 Mei

Jumamosi. Mvua ilikuwa kubwa, anasema. Mvua hiyohiyo mimi nilikuwa ndani yake.

16 Mei

Leo haikunyesha. Hakwenda. Nilimkuta anasahihisha madaftari barazani.

"Mwalimu, Basili anangoja."

"Mektrida, lazima uelewe. Mwalimu akionekana njiani na jani mkononi, Jumatatu nani atamsikiliza darasani?"

"Baba yangu alionekana."

"Baba yako si mwalimu."

Nikaondoka bila kuaga. Mtu niliyetaka kuwa kama yeye! Anaweza kukwambia kwa Kiingereza kuahirisha ni nini, kudharau ni nini, kutunza ni nini, na hakuna hata kimoja anachokijua.

20 Mei

Sista Mkuu alikuja kukagua darasa letu. Akakaa nyuma. Mwalimu Primus, amenyoosha suruali yake, akaandika ubaoni vitenzi vitatu vya marudio: "take away," "put off," "look down on." Akasema, "Sentensi za kweli, za nyumbani." Mikono ikainuka. Wangu haukuinuka. Sijui kwa nini aliniita, labda alitaka Sista asikie matamshi.

Nikasimama. Sikumtazama yeye, nilimtazama Sista. Nikasema: "They took away the cow my father looked after, because our teacher told everybody. He must go and ask to be forgiven, but every Saturday he puts it off. He is afraid that people will look down on him."

Ng'ombe aliyechukuliwa, radhi anayoiahirisha, hofu yake ya kudharauliwa: vyote nilivitaja. Safari hii nilijua kabisa kwamba Kiingereza kina jirani, na jirani alikuwa amekaa nyuma kwenye kiti. Mwalimu alikuwa na chaki mkononi na akawa anaitazama kama hajui ni ya nini.

Sista Mkuu akatafakari. "Zote ni sahihi," akasema. "Vizuri sana. Ila ni za huzuni mno. Nani ana ya furaha?" Halafu, kama aliyekumbuka kitu, "Kumbe ndiyo maana siku hizi chai yetu haina maziwa."

Basi. Hakuuliza mwalimu yupi. Mwalimu wa darasa hili ni mmoja! Aliyasikia yote, akahesabu vijineno, akavikuta viko mahali pake. Nilikaa chini na nilitaka kuuma meza.

21 Mei

Mwalimu Primus amekwenda kwa Basili. Alipita mbele ya nyumba zote mchana kweupe, suruali imekunjwa, viatu mkononi kwa ajili ya matope, jani la sale katika mkono mwingine, na nyuma yake mke wake na kibuyu cha mbege. Wanawake walisimama kwenye mifongo, ile mifereji ya mlimani, na madebe yao ya maji kumtazama. Hakuna aliyecheka. Basili alilipokea jani, wakanywa, akamtuma mtu amwite Baba aje anywe nao.

Nilitaka kuendelea kumchukia sawasawa na jana, ikanishinda kidogo. Kidogo tu.

23 Mei

Leo amekuja kwetu. Baada ya salamu akasema, "Mzee Wenseslaus, kosa ni langu. Niruhusu nimlipie Mektrida ada mpaka mtihani."

Nilikuwa jikoni nimeshika mwiko.

Baba akajibu, "Asante, Mwalimu. Siwezi."

"Kwa nini, mzee wangu?"

"Ng'ombe alikuwa wa watu. Nikipokea kitu kwa ajili yake, watasema Wenseslaus aliuza siri akalipwa. Jina langu limeinuka juzi tu. Siwezi kuliangusha tena."

Nikatoka na mwiko mkononi. "Baba, na mimi?"

"Wewe ni binti yangu," akasema. "Jina ni lako pia."

"Novemba jina litanifanyia mtihani?"

Mama akanivuta kwa nguo, akanirudisha jikoni. Lakini nilimwona usoni. Hata yeye alikuwa anataka kusema nilichosema, ila akakimeza.

5 Juni

Mwisho wa muhula. Tangu juzi tumekuwa tukiimba kwa ajili ya Malkia aliyetawazwa, tukapewa andazi kila mmoja. Wenzangu waliagana, "Tuonane Julai." Mwalimu Primus alinipa mkono, akasema Kiingereza changu ni bora kuliko cha darasa zima. Nilisema asante kwa Kiswahili.

7 Juni

Jana Sirili alimwoza mwanawe, na ng'ombe mwekundu amechinjwa kwenye harusi. Ndama wa tumboni na yeye. Hawakutualika.

Leo baada ya misa amekuja Basili mwenyewe, na Sirili bega kwa bega naye, ndugu wamepatana, wamebeba kifurushi cha majani ya mgomba. Ndani kulikuwa na nyama, kidari kizima. Hilo ni fungu la mlezi: ng'ombe akichinjwa, aliyemlea hapaswi kusahauliwa. Sirili akamkabidhi Baba kwa mikono miwili mbele ya majirani, akasema, "Ulimtunza vizuri. Alikuwa na mafuta." Baba alicheka, kwa mara ya kwanza tangu siku ya wazazi. Alicheka mpaka machozi. Basili akamnong'oneza kitu, na najua ni nini, maana Baba mara moja alimuuliza kama kwake mvua imenyesha. Kuna ng'ombe mwingine atakuja kulelewa kwetu, huenda mwakani, akishazaa. Mwakani mtihani wangu utakuwa umefanywa na watu wengine.

Mama alipika na ndizi. Baba akachagua kipande kizuri kuliko vyote, akakiweka kwenye sahani yangu kabla ya yake, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Kula, Mektrida. Hii ni haki yetu."

Nilikitazama. Ile ilikuwa Julai, na Agosti, na Novemba, imeiva, imetiwa chumvi. Niliomba iwe ngumu niiteme mbele yao wote, nimwambie Baba jina lake lina mifupa. Nikaitia kinywani. Ilikuwa laini. Ilikuwa tamu, na mimi nilikuwa na njaa, nikasukuma sahani mbele nikaomba nyingine.